Mchezo wa Bunduki na Watoto Wetu

Katika kijitabu hiki tumezoea kusema habari ya maji safi, ya chandarua, ya choo, na ya maziwa ya mama. Leo nataka kusema habari ya jambo ambalo wengine watafikiri si kazi ya muuguzi. Ni ile michezo ya bunduki ambayo watoto wetu wanaicheza katika simu na katika nyumba za michezo. Someni mpaka mwisho, ndipo mwamue kama ni kazi ya muuguzi au siyo.

Neno langu ni moja, nalo nalisema tangu mwanzo ili mtu asipotee njiani. Mtoto wa Kisangani asijifunze vita kwa mashine kabla hajajifunza habari zake kwa wazee wake.

MCHEZO HUU NI WA NAMNA GANI?

Wazazi wengi husikia kelele tu, hawajapata kuinama watazame. Basi nieleze. Kwenye kioo cha simu au cha televisheni huonekana mikono miwili imeshika bunduki. Huoni uso wa mwenye mikono ile, maana mwenyewe ni wewe. Ukigusa hapa, unatembea. Ukigusa pale, unapiga. Adui anatokea dirishani, unampiga, anaanguka, nawe unaongezewa hesabu. Ukipigwa wewe ukafa, baada ya muda kidogo unaamka na kuanza tena. Hapo ndipo mchezo huu unapotofautiana na sinema. Katika sinema mtu humtazama mwingine akiua. Katika mchezo huu macho ni yake na kidole ni chake.

Michezo hii si ya jana. Mwaka 1992 kampuni ya id Software ya Marekani ilitengeneza Wolfenstein 3D, na mwaka 1993 ikatengeneza Doom. Mwaka 2003 ukaja Call of Duty, na tangu mwaka 2005 kila mwaka umeleta mwingine mpya wa jina hilo. Mwaka 2025 ilitoka miwili mikubwa karibu pamoja: Battlefield 6 tarehe 10 Oktoba, na Call of Duty: Black Ops 7 tarehe 14 Novemba. Kila mmoja uliuzwa karibu dola 70 za Marekani, na mashine ya kuuchezea ni mamia ya dola. Wenye Battlefield 6 walitangaza kwamba kwa siku 3 za kwanza waliuza zaidi ya nakala milioni 7.

Mtu wa Mangobo au wa Kabondo atasema, "Dola 70! Hayo ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu." La, ndugu, yanatuhusu. Tangu Oktoba 2019 kuna Call of Duty: Mobile, ambao huingia katika simu bila kulipiwa. Wenyewe hupata fedha yao baadaye, kwa kumwuzia mchezaji mavazi ya askari wake na rangi za bunduki yake. Na kijana asiye na simu huenda kwenye nyumba ya michezo, penye jenereta na televisheni, akalipa faranga chache kwa muda wake. Kitu kinachotoka Marekani mwezi huu, mtoto wa Lubunga amekwisha kujua jina lake kabla mwezi haujaisha.

JE, MCHEZO HUU HUMFANYA MTOTO KUWA MWUAJI?

Wako wanaosema hivyo, hata mbele ya watu wengi. Mimi sisemi hivyo, maana haifai kumlinda mtoto kwa neno lisilo la kweli. Siku akigundua kwamba ulimdanganya, hatakusikia tena hata utakaposema kweli.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili miaka mingi. Mwaka 2020 chama kikubwa cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa michezo hii ndiyo inayosababisha matendo makubwa ya jeuri, kama vile kuua. Lakini kilisema pia kwamba kuna uhusiano mdogo, ulioonekana mara nyingi, kati ya michezo hii na ukali wa kila siku, kama vile kupiga kelele na kusukumana. Tena mwaka 2003 ulitoka uchunguzi ulioonyesha kwamba wachezaji wa michezo ya mbio na mapigano wana macho mepesi ya kutambua vitu vingi kwa mara moja. Basi tuseme yote, si lile linalotupendeza tu.

Nasi wa mji huu twajua jambo jingine. Walioua watu hapa mwaka 1964 hawakujifunza kwa televisheni. Wale waliotuletea mabomu mwaka 2000 hawakutoka katika nyumba ya michezo. Vita vina mizizi yake: tamaa ya almasi na dhahabu, ukabila, njaa, na wakubwa wasiohukumiwa. Tukisema simu ndiyo iliyoleta vita, tunawaficha wenye hatia.

Basi, kama mchezo haumfanyi mtoto kuwa mwuaji, kosa lake ni nini? Kosa lake ni kwamba hudanganya. Nimehesabu uongo wa namna tatu.

UONGO WA KWANZA: KWAMBA JERAHA NI KITU KIDOGO

Katika mingi ya michezo hii, ukipigwa risasi, kioo huwa chekundu. Ukijificha nyuma ya ukuta na kupumzika kidogo sana, wekundu unaondoka, nawe u mzima. Mwingine, Far Cry 2 wa mwaka 2008, ulihusu vita na almasi katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina. Humo mchezaji akijeruhiwa hujitoa risasi mwenyewe kwa koleo, kisha huendelea kupigana. Tena mtu yule ana malaria. Homa ikimpanda, macho yake hutiwa giza, naye humeza kidonge akaendelea na vita.

Sasa sikilizeni muuguzi. Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu katika mwili wake wote. Risasi ikivunja mfupa wa paja, lita moja au zaidi yaweza kumwagika ndani ya paja lenyewe, wala usiione nje. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu aweza kufa kwa dakika chache, kabla kijana wa toleka hajageuza baiskeli yake.

Tuseme amefika hospitalini angali hai. Atahitaji damu, na damu haitoki dukani. Hutoka katika mkono wa ndugu yake, nayo lazima ipimwe UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Daktari atakata nyama iliyokufa, atatoa udongo na vipande vya nguo vilivyoingia pamoja na risasi. Hatakishona kidonda siku ile. Atakiacha wazi siku 4 au 5, maana akikifunga na uchafu ndani, usaha na gesi vitamwua mgonjwa. Atapewa sindano ya kuzuia pepopunda. Kisha mguu wake waweza kuvutwa kwa uzito majuma 6 hata 12, naye amelala chali, asiweze kwenda chooni. Mfupa ukiingiwa na vijidudu, usaha waweza kutoka miezi, hata miaka. Wengine mguu wao hukatwa. Na siku zote hizo mke wake anapika nje ya hospitali, shamba limeota magugu, na mbuzi, na baiskeli, na mabati ya nyumba vimeuzwa.

Kwa habari ya malaria mnajua wenyewe. Kidonge kimoja hakiponyi. Anayepewa dawa lazima aimalize yote, dozi ya siku 3, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Na mtoto mdogo mwenye homa apimwe siku ile ile, asingoje kesho.

Mtoto aliyeona mara elfu kwamba jeraha hupona nyuma ya ukuta, na hajaona hata mara moja chumba cha wagonjwa wa upasuaji, amefundishwa somo la afya lililo baya kuliko yote. Kwa hiyo nasema ni kazi ya muuguzi.

UONGO WA PILI: KWAMBA KATIKA VITA WOTE WANA BUNDUKI

Kuna mchezo wa Marekani uitwao Six Days in Fallujah, maana yake Siku Sita Katika Fallujah. Fallujah ni mji wa Iraki, na mchezo huo unahusu vita vya kweli vilivyopiganwa huko Novemba 2004. Ulitangazwa kwanza mwaka 2009, watu wakalalamika sana, wakiwamo jamaa za askari waliokufa, na kampuni ya Konami iliyotaka kuuuza ikajitoa. Mwaka 2021 ukatangazwa upya na watu wengine. Jumuiya moja ya Waislamu wa Marekani iliomba usiuzwe. Juni 2023 ukaanza kuuzwa ungali unatengenezwa. Watengenezaji wake walisema kwamba walizungumza na askari wengi na raia wa Iraki pia, wakitaka watu wajue vita vile vilivyokuwa.

Nilipolisikia jina hilo, nilinyamaza. Maana sisi nasi tunazo Siku Sita zetu.

Vijana, sikilizeni. Tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mji huu, si mji wao. Umoja wa Mataifa ulipotuma watu kuchunguza, walisema kwamba raia zaidi ya 760 walikufa, na wengine kama 1,700 walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa. Shule 69 zilipigwa mabomu. Mabomu yaliyoanguka yalihesabiwa kupita 6,600. Wazee husema ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Mwaka ule nyasi zilikuwa sisi.

Karibu watu wote wa mji hawakuwa na bunduki. Tulikuwa chini ya vitanda. Wengine walizika watoto wao uani, kwa sababu njia ya makaburini haikupitika. Basi niulize: mtu akitengeneza mchezo wa Siku Sita za Kisangani, mchezaji atakuwa nani? Atakuwa askari, hapana shaka, maana chini ya kitanda hakuna hesabu za kushinda. Na yule mama aliyelala juu ya mtoto wake sakafuni atakuwa nini? Atakuwa sauti ya kulia nyuma ya ukuta, au hatakuwapo kabisa.

Sisemi kwamba haiwezekani kufanya vingine. Mwaka 2014 watu wa Polandi walitoa mchezo uitwao This War of Mine, ambamo wachezaji ni raia wanaotafuta chakula na dawa katika mji uliozungukwa na maadui. Mwaka 2020 serikali ya Polandi ilitangaza kwamba itauweka katika orodha ya mambo ya kusomwa shuleni. Lakini huo si mchezo wa bunduki mkononi, wala sio unaopendwa katika nyumba za michezo.

Tena tazameni wanavyofanya na majina yetu. Mwaka 2012 Call of Duty: Black Ops II uliwaweka wachezaji katika vita vya Angola, kando ya Jonas Savimbi, ambaye alikuwa mtu wa kweli na alikufa mwaka 2002. Watoto wake walishtaki nchini Ufaransa, wakisema baba yao ameonyeshwa kama mtu katili asiye na akili. Mwaka 2016 mahakama ya Nanterre iliwakatalia. Mimi simtetei Savimbi. Watu wa Angola wanazijua habari zake. Nasema tu kwamba vita vyetu vinachukuliwa na kuuzwa, wala hakuna anayekuja kuuliza wenye makaburi.

UONGO WA TATU: KWAMBA VITA HAVINA SHERIA

Mwaka 1864, huko Geneva, mataifa yalipatana kwamba mtu anayebeba majeruhi chini ya alama ya msalaba mwekundu asipigwe. Alama ile si pambo. Kwetu sisi wauguzi ni kama ukuta, nasi hatuna ukuta mwingine. Lakini kwa miaka mingi michezo ya bunduki iliiweka juu ya visanduku vya dawa, kama alama ya duka. Mwaka 2006 Msalaba Mwekundu wa Kanada uliwaomba watengenezaji waache, kwa kuwa sheria inailinda alama hiyo.

Kisha mwaka 2013 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilisema neno la busara. Haikutaka michezo ikatazwe. Ilitaka michezo inayofuata vita vya kweli ifuate na sheria za kweli: mchezaji akimpiga raia, au mfungwa, au majeruhi aliyelala chini, apate hasara, asipate hesabu. Mimi naikubali shauri hiyo. Kama mpira wa miguu una kadi nyekundu, kwa nini mchezo wa vita usiwe nayo?

Sheria hizi si maneno ya Ulaya tu. Tarehe 15 Machi 1997 majeshi ya AFDL yalipoingia Kisangani, tuliona kati yao watoto wenye bunduki ndefu kuliko wao. Tuliwaita kadogo. Hapa jirani, katika Ituri, watoto wengine waliingizwa vitani, na kwa ajili hiyo Thomas Lubanga alihukumiwa mwaka 2012 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, akapewa kifungo cha miaka 14. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kabisa kumwingiza mtoto katika jeshi au kundi la silaha. Nayo Uganda, tarehe 9 Februari 2022, iliamriwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa mabaya yaliyofanyika, na ya Kisangani yamo. Basi kijana ajue: katika vita vya kweli, mchezo ukiisha, kuna hukumu.

USINGIZI, FEDHA, NA MTOTO ASIYEWEZA KUACHA

Haya ni mambo madogo kuliko vita, lakini ndiyo tunayoyaona kila juma.

Mtoto wa miaka 6 hata 12 anahitaji kulala saa 9 hata 12. Kijana wa miaka 13 hata 18 anahitaji saa 8 hata 10. Anayecheza gizani chini ya chandarua mpaka jogoo awike, asubuhi macho ni mekundu, kichwa kinauma, na darasani anasinzia. Mama anamleta akifikiri ana minyoo au malaria. Tunampima, hatuoni kitu. Ugonjwa uko mfukoni mwake.

Shirika la Afya Ulimwenguni limekubali kwamba kuna ugonjwa wa kushindwa kuacha michezo hii. Liliupokea katika orodha yake ya magonjwa Mei 2019, na orodha ile ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Si kila achezaye ni mgonjwa. Dalili zake ni tatu, nazo kwa kawaida hudumu miezi 12 au zaidi:

1. Hawezi kujizuia. Anasema "nitaacha sasa hivi," wala haachi.

2. Mchezo unatangulia mambo yote: chakula, masomo, kazi, rafiki, ibada.

3. Anaona hasara yake kwa macho, naye anaendelea.

Mtoto wa namna hii asipigwe fimbo, wala asiitwe mwenye pepo. Mleteni tuzungumze naye. Mara nyingi nyuma ya mchezo kuna huzuni nyingine: shule imefungwa kwake kwa kukosa ada, au baba ameondoka, au rafiki hana ila wale wa ndani ya simu.

WALE WANAOSHTUKA

Ningependa jirani wote wasikie neno hili. Katika mji huu wako watu ambao sauti ya risasi, hata ya simu, huwarudisha mwaka 2000, au Mei 2002 walipouawa watu wa Mangobo. Na baada ya hapo wamekuja wengine, waliokimbia ugomvi wa Wambole na Walengola. Mlango ukigongwa kwa nguvu, moyo wao hupiga mbio. Usiku huota, huamka wakilowa jasho. Huo si woga wala si uchawi. Ni jeraha la moyo, nalo lina matibabu, njoni mseme.

Nawe kijana unayecheza, tafadhali punguza sauti au weka visikilizi masikioni. Katika chumba cha wagonjwa usicheze kabisa. Mzee aliye kitanda cha pili hajui kwamba ni mchezo.

WAZAZI WAFANYE NINI?

1. Kaeni karibu mtazame. Mwombe mwanao akuonyeshe mchezo wake. Uliza, "Huyu uliyempiga ni nani? Kwa nini mnapigana?" Mzazi anayekataza kitu asichokijua huchekwa kimyakimya.

2. Tazameni umri ulioandikwa. Katika Ulaya michezo mikubwa ya Call of Duty huandikwa 18, maana yake si ya watoto. Mwenye nyumba ya michezo naye ana watoto. Mwendeeni kwa upole, mpatane naye kwamba mtoto mdogo asiwekewe mchezo wa damu. Mpira wa miguu upo katika mashine ile ile.

3. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kioo kabisa. Wa miaka 2 hata 4 asipite saa moja kwa siku, na kama ni pungufu ni heri zaidi. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Ulimwenguni lilivyoshauri mwaka 2019. Simu si yaya.

4. Simu zote zilale chumba cha wazazi usiku, na simu ya baba ikiwamo.

5. Fedha ya simu ijulikane. Msimpe mtoto namba ya siri ya kulipia. Bunduki ya rangi ya dhahabu ndani ya simu haiuzwi tena sokoni.

6. Wafundisheni kutunza jeraha la kweli. Mtu akitoka damu nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi, kwa nguvu, usiachie. Usitie udongo, majani, wala mavi ya ng'ombe. Kitu kilichochoma kikabaki ndani, usikichomoe. Mpeleke hospitalini upesi. Tena mtoto akikuta chuma kigeni shambani au mtoni, asikiguse, awaite watu wakubwa. Bomu lililolala ardhini haliozi.

7. La mwisho ni kubwa kuliko yote: simulieni.

Hapa nataka kukaa kidogo. Wazee wetu wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kila mtu wa mji huu aliyezaliwa baada ya Juni 2000 hakuziona Siku Sita. Wengi wao sasa wamekwisha kuoa na kuzaa. Wakituuliza, tunasema, "Yaliyopita yamepita." Tunanyamaza kwa sababu inauma. Lakini mtoto hana budi kujua vita ni nini, maana amezaliwa katika nchi ya vita, na sauti za mashariki anazisikia katika redio kila siku. Tukinyamaza sisi, mashine itasema. Nayo itamwambia kwamba mwenye bunduki ndiye mtu, na kwamba mfu huamka.

Mchukue mwanao mpaka daraja la Tshopo, mahali walipopigana sana. Msimamishe pale. Mwambie nyumba yenu ilikuwa wapi, mlikula nini, nani alikuja kuwaficha, nani hakurudi. Mtaje jina lake. Usiongeze, usipunguze, wala usimfundishe kuchukia kabila wala taifa. Mwambie pia habari ya wale waliovuka mitaa chini ya mabomu kubeba majeruhi wa watu wasiowajua. Hao hawamo katika mchezo wowote, nao ndio mashujaa wa kweli.

NENO KWA VIJANA

Ninyi si wabaya kwa sababu mnacheza. Mikono yenu ni myepesi na macho yenu ni makali, nasi tunavihitaji. Anayeweza kukaa saa 3 bila kutetemeka mbele ya kioo aweza kujifunza kushona kidonda, kutengeneza mashine ya hewa, au kuandika programu yake mwenyewe. Labda mmoja wenu siku moja atatengeneza mchezo wa mji huu, ambamo kazi ni kumvusha mama mwenye mimba kutoka Tshopo mpaka hospitalini chini ya mabomu. Huo nitaucheza mimi pia.

Lakini kabla ya hapo nawapa kazi moja ndogo. Juma hili zima simu saa moja, uende kwa mzee mmoja wa jamaa yako, umwulize, "Juni 2000 ulikuwa wapi?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Na kama una miaka 18, na una afya njema, njoo hospitalini utoe damu. Ni dakika chache tu, na yule atakayeipokea ni mtu ambaye akifa haamki tena kuanza upya.